Goti Jipya na Maji ya Moto

Kulala silali, kukaa sikai. Tangu niwekewe goti la bandia nilikuwa nahama kitandani kwenda kitini, kitini kwenda barazani, na kila nilipotua nilitaka kuondoka. Kidonda kilishafunga, lakini kanga ikinigusa goti naona moto. Kanga tu, jamani.

Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alishaniambia: mishipa yangu ya fahamu ina kelele kuliko ya wenzangu, padogo inapafanya pakubwa. Kuumia huko si dalili kwamba goti linaharibika. Ila nisipolikunja mapema litakakamaa hivyohivyo. Na mimi nina shamba la mikorosho kijijini Ziwani. Nani anachuchumaa kuokota korosho na mguu umenyooka kama mchi?

Dada yangu akaja kwangu Likombe kuniuguza, na dawa yake ni moja, kukanda. Ndiye aliyenikanda kila nilipojifungua: maji ya mvuke, tambara zito, na kulia mwiko. Basi asubuhi moja akachemsha sufuria, akanikanda goti kama tumbo la mzazi. Nikapiga ukelele, majirani wakajua nimekufa.

"Unadeka," akasema. "Mwenzio mliyelazwa naye anakwenda sokoni."

Hilo liliniuma kuliko tambara. Tangu ujana kwetu mimi ndiye wa kudeka, nikichomwa na mwiba tu wanacheka. Kufika jioni goti limevimba, halishikiki.

Tukarudi hospitali. Mtaalamu akampigia marufuku maji ya moto, akamwonyesha kazi nyingine: kupitisha kitambaa laini juu ya ngozi, polepole, mpaka izoee, ndipo nikunje.

Dada akauliza, "Kwa hiyo huyu anaumia kweli?"

"Anaumia kuliko ambavyo ungeumia wewe, mama."

Nyumbani dada akachukua kanga yake iliyolainika kwa kufuliwa, akaanza kuipitisha gotini. Nikauma meno.

"Siku zile za uzazi," akasema bila kuniangalia, "ukilia nilikuwa nakufinya."

"Ulikuwa unanifinya."

Nilikuwa na hasira naye, na hata leo ninayo kidogo. Akaiweka kanga kando, akanishika kisigino.

"Lia," akasema. "Lia utakavyo, ila kunja."

Nikalia kwa sauti, majirani wasikie. Nikakunja.