Nta ya Gobore la Ofwono

Ungemuuliza Ofwono wa kwetu Petta kazi yake, angekuambia yeye ni mwindaji. Sisi majirani tulijizuia tu kucheka. Mnyama pekee niliyemwona ameuawa kwa lile gobore alilorithi kwa baba yake ni mbuzi wa katekista, na hata huyo alikuwa amefungwa kamba. Lakini kuringa! Alilibeba begani hadi sokoni, hadi matangani, na kila aliyesimama kumsalimu alipewa somo la kupika mafuta ya kupaka risasi.

Somo lenyewe, sikatai, lilikuwa la kweli, maana lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Ofumbi. Unachukua masega yaliyokwisha kukamuliwa asali, unayafunga katika kipande cha gunia, unayachemsha majini. Nta inapanda juu, uchafu unabaki guniani. Ikipoa unaibandua, unaiyeyusha tena taratibu pamoja na mafuta ya mkia wa kondoo, ila nta izidi, kwa sababu jua letu halina huruma. Risasi inachovywa humo, kisha inashindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa chuma, juu ya baruti. Hapo inateleza bila kukwama, na masizi hayagandi ndani ya mtutu. Mzee Ofumbi aliyafanya hayo kimyakimya na nyani wakamwogopa. Mwanawe alibaki na maneno.

Mwaka uliofuata uhuru, mvua ilikuwa imetuchezea vibaya. Mkewe, Amulen, binti wa Kiteso, alikuwa amebakiwa na mbegu kidogo za karanga, akazipanda zote. Zikiliwa, ingebidi aende kuomba mbegu kwa kaka yake Ojulong huko Dabani. Na Ojulong alikuwa amemwambia tangu siku ya mahari kwamba anaolewa na mdomo, si na mtu. Amulen aliapa hatampa nafasi ya kulisema tena.

Karanga zilipokaribia kukomaa, nyani wakaanza kushuka kutoka kwenye majabali ya juu ya shamba.

“Baba Scovia, nyani nakuja kila siku,” Amulen alimwambia mumewe mbele yangu. “Pika ile mafuta ya bunduki, piga moja tu. Ingine itakimbia.”

“Wewe nafundisha mimi? Nta iko. Ngoja.”

Nta ilikuwapo kweli, donge zuri la manjano. Sasa sikiliza alichokifanya bwana huyu. Chungu chake cha pombe ya wimbi kilikuwa na ufa, na wageni walikuwa njiani. Akaiyeyusha nta karibu yote, akaziba ufa. Chungu cha pombe inayonywewa kwa mirija huku ikiongezwa maji ya moto! Hata mtoto anayetambaa angejua mwisho wake. Tukakaa kukizunguka, mirija mdomoni, maji ya moto yakamiminwa, nta ikalegea, pombe ikatulowesha miguu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sioni haya kusema hivyo.

Ndipo akapika mafuta yake ya risasi kwa makombo ya nta aliyoyakwangua chunguni, akajazia mafuta ya kondoo. Yakatoka laini kama uji. Nilimwambia yatayeyuka. Akaniuliza gobore langu liko wapi.

Asubuhi akalishindilia gobore lake, akaliegemeza nje ya kibanda cha kulindia shamba, mdomo juu, yeye akaingia kivulini. Jua likapanda, mtutu ukapata moto. Mafuta yakateremka polepole kando ya risasi mpaka yakailowesha baruti. Adhuhuri, nikiwa shambani kwangu jirani, nyani wakashuka, dume kubwa mbele. Ofwono akalenga kwa madaha yote ya mwindaji. Fataki ya kuwashia baruti ikalia ta! Basi. Akaweka nyingine. Ta! Dume likakaa kitako, likang'oa shina la karanga, likawa linabambua maganda huku linamtazama. Niliona aibu kwa niaba ya binadamu wote.

Amulen alikimbia huku na huku akigonga debe, lakini nyani walikwisha kulizoea. Walipoondoka shamba lilikuwa limechimbuliwa lote. Akainama akaokota zilizosalia, hazikujaza hata kibuyu. Hakumtukana mumewe. Mimi ningemtukana, maana wakati ule ule mjinga huyo alikuwa anamweleza kwamba baruti za siku hizi ni mbovu.

Kesho yake Amulen alimfunga Scovia mgongoni akaenda Dabani. Baadaye tulisikia kwamba Ojulong hakumsimanga. Alimpa mbegu.

Ofwono akangoja mbegu zirudi. Mvua ikaanza, majirani wakapanda, yeye bado anangoja. Mwishowe akaenda kumfuata mkewe, nami nikamsindikiza, kwa kuwa mwanamume haendi peke yake ukweni kumdai mke. Tulipoketi tu akaanza kumweleza shemeji yake habari za baruti. Ojulong akageukia shambani. Alimwita dada yake.

Amulen akaja kutoka shambani, matope hadi magotini, akapiga magoti akatusalimu kwa heshima zote.

“Mama Scovia,” Ofwono akasema, “chukua mbegu, twende nyumbani.”

“Mbegu imeisha, Baba Scovia,” akajibu kwa upole. “Nimepanda yote hapa.”