Madoa Kwenye Miguu ya Shemeji

Kwetu Kamuli, wakati wa vita ya pili ya Mjerumani, shemeji yangu Rwegasira alikuwa anakanyaga ndizi za pombe. Alikuwa ametoka kambi ya makuruta kwa ruhusa ya siku tatu, kuja kutuaga. Mume wangu, kaka yake, alishatangulia vitani. Rwegasira alikanyaga huku akijisifu kwamba buti za Serikali zitamkoma.

Jioni akasema kichwa kinapasuka. Asubuhi alitapika, shingo ikakakamaa kama mchi. Miguuni nikaona madoa ya zambarau. Utomvu wa mgomba huo, nikasema. Nani hapa asiyeujua? Ukikushika hautoki. Nikamsugua kwa majivu.

“Shemeji, jeshini hawapokei wachafu.”

“Taratibu, unanichuna.”

Hakusema tena neno la maana. Adhuhuri alikufa.

Siku ya pili ya matanga, Koku wangu, mtoto wa miaka mitano, aliamka anawaka joto. Akatapika. Nikamfunua miguu.

Madoa.

Koku hakuwa amekanyaga migombani tangu msiba uanze. Nikasugua moja kwa kidole chenye mate. Halikutoka.

Nikamfunga mgongoni. Mama mkwe akasimama mlangoni.

“Unatoka, na matanga hayajaanuliwa?”

“Mama, nitarudi kumlilia. Huyu bado hajafa.”

Akanipisha.

Kambi ile ya makuruta, kwenye dawa, ilikuwa njia ya Kibingo. Nusu nilitembea, nusu nilikimbia, namfinya kila mara nimsikie analia.

Mara moja hakulia.

Nikamfinya kwa kucha.

Dresa, mtibu wa kambi, Mhaya wa Bukoba, mtu mkali, alimlaza akamwinua kichwa. Magoti yakajikunja yenyewe. Akabonyeza doa, halikufifia.

“Homa ya uti wa mgongo. Nyumbani yupo mgonjwa mwingine?”

“Tumemzika.”

“Alikuwa na madoa haya?”

“Niliyasugua kwa majivu.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Alisaga vidonge vyeupe, nikamnywesha na maji mengi, kila baada ya saa nne, siku baada ya siku. “Akitapika, mpe tena,” alisema. Nilimpa tena.

Koku alipona. Masikio hayakupona. Leo naye ana wajukuu, na ukitaka akutazame unapiga mguu chini.

Miguu yangu ya siku ile najivunia. Mikono, hapana. Nilimwita mchafu mtu aliyekuwa anakufa, na dawa yake ilikuwa kulekule kambini alikotoka.