Watoto Yangu

Mwanangu, siku moja haijanitoka hadi leo: siku nilipoitwa ofisini kwa sababu ya maneno mawili.

Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili huku Busia, upande wa Uganda, na kwa neema ya Mungu kitabu changu cha kwanza cha hadithi kilikuwa karibu kuchapishwa. Nilimpa mwalimu mkuu mswada ausome, kwa heshima tu, maana penye mwenyewe hupigwa hodi. Akaurudisha na wino mwekundu pale mama muuza dagaa anapolia, "Watoto yangu nakufa njaa."

"Madamu," akaniambia, "wewe unafundisha Kiswahili ama unakiuza sokoni?"

"Nafundisha, mzee."

"Basi andika 'watoto wangu wanakufa njaa'. Mwalimu wangu hachapishi makosa. Rekebisha, ama muhula ujao usirudi."

Mwanangu, mshahara ule ndio uliowalisha wadogo zangu. Lakini nilimkumbuka mama yangu, Msamia kwa kabila, aliyejifunza Kiswahili kwa wateja wake mpakani. Kila jioni alipiga magoti: "Mungu, watoto yangu nakulala njaa, wewe naona." Sikuwahi kusikia Mungu akimwambia arudie vizuri.

Nikasema, "Mzee, ubaoni nitaandika 'watoto wangu', na atakayekosea nitamkata alama. Ila huyu mama ataomba chakula kwa mdomo wake mwenyewe. Mungu anamwelewa."

"Mungu hasahihishi mitihani, Madamu."

"Ndiyo maana bado tunamwomba."

Alicheka kidogo, kisha akanionyesha mlango. Muhula uliofuata sikurudi, wala sikuomba kurudishwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilipata shule ndogo Merikit, mshahara mwembamba zaidi, na wadogo zangu wakaufunga mkanda pamoja nami. Kitabu kikatoka na maneno yake yote. Nilipowasomea wanafunzi, walicheka sana, kicheko cha watu waliofumaniwa. Kisha msichana mmoja akasema, "Madamu, huyu si ni mama yetu?"

Nimeandika vingine tangu hapo, na bado nafundisha. Hakosi mtu wa kuniambia niwaoshe watu wangu vinywa kabla hawajaingia kitabuni. Nakataa. Kwa upole, lakini nakataa.

Mwacha asili ni mtumwa. Jifunze sarufi, mwanangu, uijue kuliko wanaokutisha nayo. Mvivu asijifiche nyuma ya maneno yangu. Lakini ukikaa kuandika, usimwonee haya aliyekulea, wala usimpe sauti ya kuazima ili upate cheo. Wakikufukuza kwa hilo, beba chaki yako uende. Mungu ana madarasa mengi.

Akupe mkono usiotetemeka mbele ya wakubwa, na moyo usiowadharau wadogo. Akulishe wewe na walio wako. Amina.