Kidole Kisichosikia Moto

Katika chumba cha dobi chenye meza tatu za kupigia pasi, ni mtu mmoja tu aliyepima joto la pasi kwa kidole kikavu. Wenzake walilowesha kidole kwanza, wakaigusa pasi na kutoa mkono mbio. Yeye alituliza kidole kidogo cha mkono wa kushoto juu ya chuma, kisha akasema taratibu, "Bado." Malengelenge yakimtoka aliyaita sugu za kazi. Wakambandika jina la Chuma, naye akalipenda.

"Wewe ulizaliwa ukapakwa lami," mwenzake wa meza ya pili alimtania.

"Na wewe ulizaliwa ukaviringishwa kwenye pamba," alijibu Chuma.

Asubuhi moja chumba kilijaa harufu ya kuungua.

"We bwana, unaunguza shati la watu!" mwenzake alipaza sauti.

Chuma aliinua shati kwa mkono wa kulia, akatazama kola, mgongo, mikono. Jeupe pe. Harufu ikazidi. Mwenzake ndiye aliyeona: kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimeegemea ubavu wa pasi, ngozi imeanza kukunjamana, na Chuma bado analitafuta doa kwenye shati.

Jioni mkewe alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

"Baba watoto, hakiumi hiki?"

"Kidogo."

"Uongo huo. Kesho zahanati."

Muuguzi alishika kipande cha pamba. "Fumba macho, baba. Ukisikia nimekugusa, sema ndiyo."

"Ndiyo," alisema Chuma. "Ndiyo. Ndiyo."

"Baba, sijakugusa bado."

Akamkagua mwili mzima. Begani palikuwa na doa hafifu la miaka mitatu, lisilowasha, ambalo mkewe aliliita mba na kulipaka mafuta. Vipimo viliporudi, jibu lilikuwa ukoma.

Bakteria wa ukoma hana haraka. Wapo wanaogawanyika wawili kila nusu saa. Huyu huchukua karibu wiki mbili. Inaaminika huingia kwa njia ya hewa, kutoka kwa mtu asiyetibiwa aliyekaa karibu nawe kwa muda mrefu, na inaweza kupita miaka mitano, hata ishirini, kabla dalili hazijaonekana. Hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi: vidole, masikio, pua. Seli za kinga zikimmeza ili zimmalize, yeye huishi na kuzaana humohumo ndani ya seli hizo. Huingia pia katika seli zinazoifunika mishipa ya fahamu, ambako kinga humfikia kwa shida. Kinga inapoanza kupambana naye, mapambano hayo nayo huuharibu mshipa. Chuma hakuwahi kulala na homa hata siku moja.

"Kidole kitanyooka?" aliuliza, maana kilikuwa kimeanza kujikunja.

"Vidonge vitaua bakteria. Mshipa sikuahidi," alisema muuguzi. "Ila usifikiri bakteria ndiye anayekula vidole. Ni majeraha usiyoyasikia. Ukiendelea kuungua hivi, vidole vitakwisha na pasi utaiaga."

"Sasa nifanyeje? Sijui kazi nyingine."

"Vaa glavu. Tumia macho. Na umpate mtu wa kukuangalizia mkono."

Alimeza dozi ya kwanza palepale mbele yake, akapewa pakiti ya mwezi.

Mtu wa kumwangalizia mkono alikuwa mmoja tu, yule wa meza ya pili, na asingeweza kumwomba bila kulitaja jina la ugonjwa. Akalitaja, wamesimama kila mtu na meza yake. Mwenzake aliendelea kukunja shuka. Kwa siku mbili hakugusa kikombe chao cha maji.

Siku ya tatu akauliza, "Huo ugonjwa wako unaambukiza?"

"Nimeshaanza dawa, hauambukizi tena. Nenda kamuulize muuguzi kama huniamini."

Alikwenda kweli. Mchana akarudi, akachota maji kwa kikombe kilekile, akanywa, akaisukuma meza yake mpaka ikakaribia kugusana na ya Chuma.

"Kumbe miaka yote hii tunamsifia mtu ganzi," alisema.

"Ndiyo hivyo, bwana. Piga pasi."

Tangu siku hiyo, kila baada ya mashati mawili matatu, husikika sauti ya mwenzake: "Mkono!" Mama mmoja aliyeleta mapazia alishtuka, akajitazama mikono yake mwenyewe. Chuma huuondoa wake mara moja. Kama palikuwa na moto au hapakuwa, yeye hajui; anamwamini mwenzake aliyeona.