Aliyetangaza Wodi ya Uzazi

Kabla sijasema lolote la huzuni juu ya Kwabena Nsowah, niseme kwanza kwamba alikuwa na kelele. Alikuwa mpiga mbiu wa mji wetu, na sauti yake ilipenya kuta ikamkuta mtu bafuni na sabuni machoni. Kengele yake ya chuma, ya kugongwa kwa kijiti, ilikuwa mali ya jumba la Nana, chifu wetu, naye aliipokea kutoka kwa mjomba wake. Aliigonga, akaita, "Agoo!" kama mtu anayebisha hodi kwa mji mzima. Sisi majikoni tukaitikia, "Amee!" Hapo ndipo aliposema alichotumwa: Jumamosi ni kufagia mji, mbuzi wafungwe, fulani amefariki.

Asipoitikiwa hakusogea. Alikuwa akisimama mbele ya banda langu na kugonga tu, huku maji yakikauka kwenye chungu changu cha kenkey, yale madonge ya mahindi ninayouza.

"Nsowah, nimekusikia! Hata waliolala makaburini wamekusikia!"

"Kama umenisikia, mbona hujaitikia? Kinywa umemkopesha nani, Mama Twumwaa?"

Basi nilikuwa naitikia, naye anatangaza, kisha anaomba kenkey ya kufungulia koo. Sikuwahi kumwona akiongeza neno katika alichotumwa. Nilimwambia mara moja kwamba matangazo yake hayana utamu, atie chumvi kidogo. Akaniambia chumvi ni kazi ya watu wa jikoni, yeye kazi yake ni kusema lililosemwa.

Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Konama. Alimlea mwenyewe, akamsuka nywele kwa vidole vile vya jembe mpaka mtoto akawa anatoka na kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi. Tulimcheka. Hakujali. Konama alikua, akajifunza ushonaji, akaolewa kule jijini Kumasi, na kila mtu aliyesafiri kwenda Kumasi alibebeshwa ndizi za Nsowah ampelekee binti yake, hata kama huyo msafiri alikuwa anakwenda mazishini.

Sasa niseme habari ya bajeti, maana bila hiyo hakuna cha kusimulia.

Kila mwaka halmashauri ya wilaya hutuma watu kuja kutuuliza tunataka nini, na papo hapo kutuambia watatutoza nini. Mwaka ule walikuja shuleni kwetu wakisema ushuru wa soko unapanda. Mimi nikasimama. Sijui kukaa nikitukanwa.

"Tumelipa mpaka vidole vimeota sugu," nikasema, "na choo cha soko bado ni kichaka kile kile. Mnataka tuwalipe ili mje kututazama tukichutama?"

Watu walicheka. Afisa wa bajeti, kijana mpole tu, alisubiri kicheko kiishe akasema, "Mama yangu, nisaidie. Ushuru huu ukiongezeka, mradi wenu mmoja utaingia kwenye bajeti. Mmoja. Semeni upi."

Hatukubishana. Zahanati yetu ilikuwa na muuguzi mmoja na vidonge vya kichwa. Mwanamke akishikwa na uchungu alipelekwa makao ya wilaya kwa barabara ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope la kufinyangia vyungu. Tukasema wodi ya uzazi. Lakini wanawake wa soko wakasema pia kwamba hawalipi kwa maneno matupu. Ndipo Nsowah akasimama nyuma kabisa.

"Madiwani wakiipitisha, Nana atanituma nitangaze," akasema. "Mkinisikia mimi nimetangaza, lipeni."

Mwezi wa Oktoba madiwani walikaa, wakapitisha bajeti. Fosuhene, diwani wetu, alirudi akinukia marashi, akaenda moja kwa moja kwa Nana. Jioni hiyo Nsowah alipita mji mzima. "Agoo!" Nakwambia, "Amee" ya siku ile ilitoka hadi kwa watu waliokuwa wamenuniana. Akatangaza kwamba wodi ya uzazi imeingia katika bajeti ya mwaka unaokuja, na ushuru mpya unaanza pamoja na mwaka huo.

Tukalipa. Ninataka ijulikane kwamba sikuilipa halmashauri. Nilimlipa Nsowah, yaani lile neno lake, kwa kuwa lilikuwa halijawahi kuanguka.

Mchanga ukaja, na kokoto, lori zima, vikamwagwa kando ya zahanati. Ilikuwa miezi ya mwanzo wa mwaka, na Konama alikuwa amepiga simu kusema ana mimba. Nsowah alimjibu akiwa amesimama mbele ya banda langu, na kwa sauti ile sijui simu ilikuwa ya nini.

"Usijifungulie huko kwa watu wasiokujua, mwanangu. Njoo nyumbani. Wodi itakuwa tayari."

Sikumsikia Konama, lakini nilimsikia baba yake akijibu. "Imepitishwa. Nimetangaza mwenyewe." Akasikiliza. "Ndiyo, najua umeuliza kama imejengwa. Konama, baba yako ametangaza lini jambo likawa la uongo?"

Konama akaja mwezi wa Agosti, tumbo mbele, na mbuzi walikuwa wameshaulalia ule mchanga. Kokoto zilikuwa zimeanza kuota majani. Alizunguka pale akazitazama, kisha akaja kukaa bandani kwangu.

"Mama, hii ndiyo wodi?"

"Ndiyo hiyo. Chagua kitanda."

Tulicheka. Kicheko kile hunirudia mpaka leo, na kinaniuma.

Siku ile ile alimwambia baba yake kwamba afadhali arudi Kumasi. Nsowah akamwendea Fosuhene, mimi nikifuatana naye kwa sababu ya kisirani changu. Diwani alikuwa anapanda pikipiki yake.

"Mzee wangu, subiri kidogo," akasema. "Fedha kutoka mji mkuu zimechelewa tu. Kidogo tu."

"Binti yangu ana tumbo, mheshimiwa. Hiyo 'kidogo' yako ni ya lini?"

"Mwambie atulie. Wodi ni yenu. Si ulitangaza mwenyewe?"

Nsowah akarudi amenyooka mgongo. Akamwambia binti yake atulie, na Konama akatulia, kwa kuwa alimpenda baba yake na hakutaka kumwonyesha kwamba anatilia shaka neno lake.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati, mchana wa siku ya soko, mvua ikimwagika. Damu ilikuwa nyingi tangu mwanzo. Muuguzi aliitazama akasema hapa hapana, apelekwe. Tulipata gari la kubebea mihogo, tukamlaza juu ya magunia, mimi na muuguzi tukamshika. Pale kwenye mteremko wa kijito gari likazama topeni. Wanaume wakashuka kusukuma. Nsowah alisukuma kwa bega, tope limemfika kiunoni, na yule mtu mwenye sauti ya kuamsha mji hakutoa hata mguno. Mtoto alizaliwa humo garini, wa kike, akalia. Konama alimsikia akilia. Akaniuliza, "Baba yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyuma anasukuma. Akasema, "Mwambieni apumzike." Tulipotoka kwenye tope alikuwa ameshatutoka.

Fosuhene alikuja kutoa rambirambi. Alikaa kwenye benchi akiwa ameinamisha kichwa, kisha akashindwa kujizuia.

"Mzee, lile fungu la wodi tuliliondoa mwezi wa Julai."

Nsowah akamtazama.

"Kwenye mapitio ya nusu mwaka," diwani akaendelea. "Fedha za mji mkuu zilikuja pungufu. Mkandarasi wa ukumbi wetu wa mikutano alikuwa anatishia kwenda mahakamani. Ikabidi tukate mahali."

"Na wewe ulinyoosha mkono?"

"Wote tulinyoosha. Nilisema moyoni tutairudisha mwaka ujao."

"Mbona sikutumwa kutangaza?"

Fosuhene alijipangusa uso. "Kukata hakutangazwi, mzee. Kunasomwa kikaoni, tunanyoosha mikono, tunakwenda kula." Nadhani alisema hivyo kwa kujichukia, lakini nilitamani kummwagia maji ya moto.

Kwetu mtu akifariki mpiga mbiu hupita kutangaza. Nana alipeleka ujumbe kwamba Nsowah apumzike, atafutwe mwingine. Akakataa. Akavaa kitambaa chekundu cha msiba, akachukua kengele, akapita.

"Agoo!"

Tuliitikia, lakini sauti zetu zilikuwa chini chini.

"Nimetumwa kuwaambia kwamba Abena Konama, binti wa Kwabena Nsowah, amefariki." Akagonga tena. "Na hili sikutumwa. Wodi ya uzazi niliyowatangazia haipo. Iliondolewa Julai na fedha zake zikamalizia ukumbi wa halmashauri. Mlilipa kwa neno langu. Binti yangu alikuja kwa neno langu. Niliwatangazia ilipowekwa, sasa nawatangazia ilipoondolewa."

Alisema hivyo kila njia panda, bila kuongeza wala kupunguza. Kwangu alisimama muda mrefu akisubiri niitikie, nami nikafungua kinywa, kikatoka kilio tu. Mara ile peke yake alisogea bila kuitikiwa.

Kengele ya Nana haigongwi kwa jambo ambalo Nana hakutuma. Nsowah alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliitwa jumbani baada ya mazishi, akatozwa kondoo na pombe, akaweka kengele chini. Nana mwenyewe alikuwa na machozi, lakini desturi ni desturi. Kengele akapewa Opoku, kijana mtaratibu, mwenye sauti nzuri tu.

Baba wa mtoto alimwacha mtoto kwetu kwanza, mpaka atakapopata mtu wa kumlea Kumasi. Nsowah alikuwa anashinda naye bandani kwangu, amempakata, akimpa maziwa kwa kijiko. Alikuwa haongei. Mimi niliyekuwa nikimlalamikia kelele sasa nilikuwa nadondosha vifuniko vya sufuria makusudi, ili pale pawe na sauti.

Oktoba nyingine ikaja, madiwani wakakaa tena. Jioni Opoku akatokea njiani.

"Agoo!"

Mji ulikuwa kimya. Wanawake waliendelea kutwanga. Opoku akagonga tena, akaita tena, akatazama huku na huku kama aliyekosea mlango. Nikamsikia Nsowah pembeni yangu akisema polepole, "Amee."

Opoku akashukuru kwa kichwa, akatangaza: wodi ya uzazi imerudishwa katika bajeti ya mwaka unaokuja, na ushuru ulipwe. Alipomaliza Nsowah akamwita. Akaja, akainama kwa heshima.

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo, mzee. Mzito kidogo sasa. Anatarajia mwezi wa tatu."

"Mpeleke Kumasi. Usingoje mwezi wa tatu."

Kijana akatabasamu. "Lakini mzee, hukunisikia? Wodi imepitishwa. Nimetangaza mwenyewe sasa hivi."

Nsowah akamfunika mjukuu wake vizuri. "Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilitangaza."