Upatu wa Uwanja

Ukipita siku hizi nyuma ya chuo nilichosoma, huku magharibi mwa London, utakuta wanawake wanacheza mpira. Nyasi ni za bandia, taa zinawaka vizuri, na uwanja ni wetu. Nasema wetu kwa sauti ya juu na mtu asinizibe mdomo, kwa sababu palikuwa na msimu mmoja wa machipuko ambapo ilibaki kidogo tu tunyang'anywe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, na nilikuwa nahodha wa timu ya wanawake. Katikati ya wiki nilikuwa kwenye mafunzo hospitalini, Jumamosi nilifanya kazi katika nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwatafutia miwani ambayo ilikuwa imekaa puani mwao. Sikatai, kazi ni kazi. Lakini kila nilipokwenda nilikuwa mtu wa kutumwa, na uwanjani tu ndipo nilipokuwa mtu wa kupiga kelele. Kwa ajili ya saa hizo mbili nilikuwa tayari kugombana na yeyote.

Kocha wetu alikuwa binti wa Kihindi wa Kingsbury. Bibi yake alizaliwa Mwanza, kwa hiyo Kiswahili anakielewa, hasa akisemwa, ila anajibu kwa Kiingereza. Mwezi wa kwanza alitupangia ratiba ya mazoezi ya machipuko, Jumanne na Alhamisi, saa moja asubuhi. Alituita, akatuonyesha ratiba yenye rangi nne, akauliza kama kuna mwenye tatizo.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa. Hakuna aliyesema hapana. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatukulelewa kumkatalia mtu usoni, tena mtu aliyehangaika na rangi nne. Mmoja akasema sawa kocha, wa pili nitajitahidi, wa tatu Inshallah, na nusu ya timu ikatikisa kichwa na kutabasamu. Waliotoka nchi nyingine walipotuona tumekubali, na wao wakakubali. Kocha akaenda nyumbani na furaha yake.

Jumanne ya kwanza tulikuja watano. Mvua ilikuwa ile ya London isiyonyesha wala kuacha. Tukapigiana danadana kama watoto waliofukuzwa ndani, tukarudi. Alhamisi tulikuja wanne. Wiki iliyofuata mama wa ofisi ya michezo akatuita mimi na kocha. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema uwanja ni mmoja na timu ni nyingi, na vijana wa mpira wa Kimarekani, wale wa kuvaa kofia ngumu na kushika mpira mikononi, machipuko ndiyo majira yao ya kujiandaa, tena wanakuja wote. Angekuja kututazama kwenye zoezi letu la mwisho kabla ya likizo ya Pasaka. Akikuta timu haijatimia, uwanja unakwenda kwa kofia ngumu, na timu isiyo na uwanja haiandikishwi msimu ujao.

Nilitoka pale nikiwaka. Nikashika simu nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp, mrefu, na sitaurudia hapa. Wa kwanza kunijibu alikuwa kipa wetu, Mkenya wa Kakamega, aliyekuwa akifanya kazi usiku kwenye ghala la Hayes, karibu na uwanja wa ndege.

"Captain, hebu niskize," alisema. "Mimi shift inaisha asubuhi. Hiyo saa moja yako, unataka nidake mpira ama nidake usingizi?"

"Sasa mbona ulisema sawa?" nikamuuliza.

"Kwani ningesema nini, na kocha ameshachora hadi rangi?"

Winga wetu wa kulia, msichana wa Mombasa mwenye mbio za kutisha, naye akaingia. "Dada, tuliza moyo. Ramadhani yaja. Nikishafunga mimi n'takimbia na nini? Na wenzangu nao wana udhuru wao, ni vile hukuuliza mmoja mmoja."

Nikauliza mmoja mmoja. Huyu ana zamu, yule ana mtoto, mwingine ana kwaya. Hapakuwa na saa hata moja katika wiki nzima ambayo ingetufaa wote. Niliziangalia zile saa zao nikakata tamaa kabisa, na mimi si mtu wa kukata tamaa kirahisi.

Jibu lilikuja nikiwa nachambua mchicha wa duka la Kingsbury, kazi ambayo siku zote hunikumbusha mama. Kwetu Morogoro mama yangu alikuwa kijumbe wa upatu, mkusanya michango na mpanga zamu. Kila mwanamke wa mtaa anachanga, mmoja anapokea chote, wiki nyingine anapokea mwingine, mpaka wote wameonja. Hakuna anayepata kila wiki, ila kila mtu ana wiki yake. Nikaacha mchicha kwenye maji. Tuchange muda!

Siku ya pili niliwaeleza kwenye kundi. Kila wiki mazoezi mawili kama zamani, na zamu yako ikifika wewe ndiye unayechagua siku na saa. Wengine wote tunakuja, hata kama saa hiyo inatuua. Hakuna udhuru ila ugonjwa na msiba. Nilidhani nitafundisha kitu kigeni. Kumbe Msomali wetu akasema mama yake anacheza mchezo huo huo, Mjamaika akasema bibi yake ndio alionunulia nyumba, na Mnigeria akatushangaa tulivyochelewa kulifikiria. Aliyebaki na maswali alikuwa beki wa kushoto tu, Mzungu wa Barking.

"Na mtu akishapokea, akaacha kuja?" aliuliza.

Wote wakacheka, maana aliligusa jipu lenyewe. Mama alikuwa akisema mtu humjui siku anapopokea, unamjua siku anapochanga akiwa keshapokea. Ofisi ya michezo ikakubali kutupa saa zilizobaki wazi. Tulipopanga zamu nilijiweka wa mwisho, kama mama alivyofanya siku zote, ili mtu asiseme kijumbe amejipendelea. Kocha alinivuta pembeni. Wa mwisho ndiye atakayetazamwa na ofisi, alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, na wakati huo kila mtu atakuwa amepata chake. Nilijua hivyo. Nikamwambia kijumbe habadilishi zamu.

Kipa alichagua Ijumaa jioni, akiwa ameshalala na kabla hajaingia zamu, saa ambayo London nzima inakwenda kunywa. Tulikuja. Ramadhani ilikuwa imeanza, na winga alikimbia na funga yake, midomo imemkauka. Simu yake ilipoadhini, kocha akapuliza filimbi, timu nzima ikasimama katikati ya uwanja kula tende, Wakristo kwa Waislamu, na beki wa Barking akala nne. Zamu ya winga ilikuwa alfajiri, baada ya daku, tumbo likiwa bado na kitu. Tulikuja tukilaani. Kipa alitoka ghalani moja kwa moja, bado amevaa kizibao chake cha kung'aa, akadaka mipira kwa hasira. Nakuapieni, sijawahi kumwona akidaka vizuri kama siku ile.

Mwenye mtoto akapokea, wa kwaya akapokea, zamu zikasogea hadi ikabaki yangu. Mimi nafasi yangu ilikuwa Jumapili mchana, na nilikuwa nimeitangaza tangu mwanzo, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu. Usiku wake saa zilikuwa zinasogezwa mbele kwa saa moja, kama Waingereza wafanyavyo kila machipuko, kwa hiyo kila mtu angeamka ameibiwa usingizi. Hilo nililijua. Sikuwa nimefikiria mwezi wa angani.

Jumamosi ile nilikuwa kwenye nyumba ya wazee, namlisha bibi mmoja uji wa maziwa, simu ilipoanza kulia kwa ujumbe wa kundi. Mwezi umeonekana. Hapana, haujaonekana. Umeonekana Saudia, huku bado. Kwa shangazi umeonekana, kwa mjomba bado. Mwishowe winga akaandika: "Kwetu mwezi umeandama. Kesho Idi." Hakuandika lolote juu ya mazoezi. Msomali naye akaandika Idi Mubarak. Wa kwaya akasema kesho ibada yao ni ndefu. Kipa alikuwa na zamu usiku huo.

Niliwaandikia Idi njema, basi. Sikuwakumbusha. Kama ni upatu, mtu hakumbushwi kwa kubembelezwa. Lakini nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na huzuni ambayo sikutaka bibi yule aione. "You're spilling it, darling," akaniambia, nami nikapangusa shali yake nikaomba radhi.

Jumapili nilifika mapema. Jua lilikuwa limetoka, jua la kweli, na nililichukia. Mama wa ofisi ya michezo alikuwa tayari pale na mbwa wake mdogo mweupe, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko. Kocha alikuwa anapuliza mipira ambayo ilikuwa imejaa tayari. Pembeni, mbele ya uzio, vijana wa kofia ngumu walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao. Sijui nani aliwaambia waje kutazama. Mmoja akanipungia mkono kwa huruma. Huruma hiyo iliniuma kuliko tusi.

Nikainama kufunga viatu. Nilivifunga polepole, nikafungua, nikafunga tena, ili nisitazame lango.

"Wee captain, hizo kamba utazikata."

Alikuwa kipa, na kizibao chake, na macho mekundu. Hakuwa amepata hata lepe la usingizi. Nyuma yake walikuja wa kanisani, vilemba kichwani na viatu virefu mkononi, wakikimbia kwa soksi kwenda kubadilisha nguo, na wa kwaya bado alikuwa anaimba. Mnigeria na Mjamaika walishuka basi moja. Mwenye mtoto alikuja na mtoto. Beki wa Barking alikuwa amevuka London yote na treni za Jumapili, na anayezijua treni za Jumapili atajua maana yake.

Kisha gari likasimama nje na nusu ya Mombasa ikashuka. Winga alikuwa na gauni jipya la Idi, la kijani, na chini yake viatu vya mpira. Msomali alishuka naye, hina mikononi. Mama yake winga alifuata amebeba hotpoti ya biriani kifuani, akitusemesha sote kama watoto wake.

"Mwanangu kaniambia leo ni zamu ya kijumbe," alisema. "Nikamwambia Idi ina siku tatu, kijumbe ana siku moja. Haya chezeni, chakula chapoa!"

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia mbele ya mbwa, mbele ya kofia ngumu, mbele ya ofisi. Mama wa ofisi alihesabu, akahesabu tena kwa sababu wengine walikuwa bado wanavua vilemba, kisha akafunga kalamu yake akasema uwanja ni wetu msimu ujao. Akamuuliza kocha ametumia ratiba gani. Kocha, binti wa Kingsbury asiyejibu kwa Kiswahili, akasema, "Upatu." Akalisema vizuri kabisa.

Wale vijana walipiga makofi, nawapa heshima yao. Baadaye walikula biriani nyingi kuliko sisi.

Lakini kabla ya biriani tulicheza. Nilisimama katikati ya uwanja, jua usoni, sijui hata nimesimama upande gani. Kipa aliweka mpira chini, akarudi hatua chache, akanitazama. Kila mmoja wao alikuwa keshapokea chake. Akaupiga juu, mrefu, na wote wakapaza sauti kwa pamoja, na beki wa Barking kwa lafudhi yake:

"Kijumbe, pokea!"

Nikapokea kwa kifua.