Saa Iliyokuwa Mkononi Mwangu

Chama chetu cha wazamiaji kilikuwa na mitungi minne ya hewa, miwani mitano ya kuzamia na saa moja tu isiyoingia maji. Saa ile niliivaa mie, na wala nilikuwa sizamii.

Nilikuwa katibu wa safari. Chama kilizaliwa kwenye karakana moja pale Chang'ombe. Mie nilikuwa karani wa stoo, mume wangu fundi umeme wa kupanda nguzo. Vifaa tuliachiwa na wageni waliorudi kwao baada ya Uhuru, na aliyetufundisha kuvitumia alikuwa mzee mmoja wa Temeke aliyewahi kuwa mzamiaji wa bandarini. Mzee yule alikuwa mkali, jamani! Ukikosea kufunga mkanda anakutukana mbele ya mkeo. Mguu wake wa kushoto alikuwa akiuburuta. Enzi za mkoloni, msimamizi alimvuta juu harakaharaka kwa kuwa meli ilikuwa inasubiri kuondoka, na tangu siku hiyo goti halikukunjika tena.

Ndiyo maana alitukaririsha kama watoto wa madrasa. Mtu akikaa chini sana, hewa inaingia kwenye damu. Akipanda polepole inatoka salama, akipanda mbio inatoa mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yanakwenda kukaa kwenye viungo, au kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo wakati wa kurudi unashika kamba ya nanga, unasimama futi kumi kabla ya kufika juu, unaning'inia hapo dakika kumi. Baada ya mzamo wa kwanza mnapumzika saa mbili nzima. Mkipunguza mapumziko, mwongeze muda wa kuning'inia. Kule chini hakuna mwenye saa, kwa hiyo mwenye saa akae kwenye boti, na muda wa kuning'inia ukitimia agonge bomba la chuma lililoning'inizwa majini. Mara tatu. Sauti ya chuma inasafiri vizuri sana ndani ya maji. Wakisikia, wanapanda.

Mgongaji nilikuwa mie. Wanaume walicheka mwanzoni, eti mwanamke hajui kuogelea anawaongoza wazamiaji. Niliwaambia atakayecheka tena simgongei.

Jumapili ninayoisimulia, mzee wetu alikuwa msibani Kilwa. Ilikuwa miaka ile ya shida ya mafuta, serikali imekataza magari kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, isipokuwa yenye kibali. Lori letu la karakana halikuwa na kibali. Basi nikakaa mezani, nikapanga safari kuanzia mwisho: saa nane kamili lori liwe limeshaingia Chang'ombe, saa sita na nusu tuwe pwani Kunduchi, saa sita kasoro robo watu wawe wametoka majini. Nikarudi nyuma hivyo hivyo mpaka alfajiri. Karatasi ilipendeza. Niliipenda kuliko ilivyostahili, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilianza kuhesabu kwenye sheria ya barabarani wakati nilitakiwa kuanza kwenye miili ya watu.

Kunduchi mashine ya boti ikagoma. Mwenye boti alivuta kamba mpaka shati likalowa, akaitukana, akaibembeleza, ikawaka baada ya saa nzima. Saa hiyo moja ilikuwa imeshatuvurugia mpango wote. Nikasema basi tuzame mara moja, turudi. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye aliyekuwa dereva wa lori, akasema hilo ni jambo la wanachama wote. Enzi zile hata chumvi ya mchuzi tuliipigia kura. Tukakutana palepale mchangani, watu watano, na hoja ikawekwa mezani: mizamo ibaki miwili, ila mapumziko yapunguzwe. Mume wangu akanyosha mkono, maana safari iliyopita aliona kamba kochi wakubwa chini ya mwamba na roho yake ilibaki kulekule. Mwenzake wa kuzama akanyosha. Mwenyekiti na mwenzake wakanyosha.

Na mie nikanyosha. Ndiyo, mie mwenyewe, mwenye mdomo! Sikutaka karatasi yangu ichorwechorwe.

Mzamo wa kwanza ulikwenda vizuri, ng'ambo ya kisiwa cha Mbudya, jozi zote mbili. Walitoka wanacheka. Wakapumzika saa moja badala ya mbili, tukala mihogo, tukataniana. Mwenyekiti sikio likaanza kumuuma, kwa hiyo yeye na mwenzake hawakushuka tena. Wakashuka mume wangu na mwenzake, mchonga vinyago wa Buguruni, mtu wa kusini aliyekuwa haongei sana lakini mikono yake ilikuwa na utulivu wa ajabu. Nikatazama saa. Nikaandika.

Hesabu sasa ilinitaka niwaache waning'inie dakika kumi na tano, siyo kumi. Hilo tulilijua wote, na wakati wa kupiga kura hakuna aliyelitamka.

Maji siku ile yalikuwa meupe. Niliwaona wanarudi, nikawaona wanashika kamba, vichwa vyao viwili vyeusi na mapovu yakipanda. Mume wangu alikuwa na kikapu kiunoni. Saa ilisema sita kasoro dakika mbili.

"Gonga," akasema mwenyekiti.

"Wamefika sasa hivi tu."

"Ndugu Katibu, saa nane tukikutwa barabarani lori linakamatwa, na mie kazi sina. Wale ni vijana, wana nguvu. Gonga, twende."

"Bado dakika kumi na tano."

"Tulipitisha wote. Na wewe ulinyosha mkono!"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Spana ya kugongea ilikuwa mkononi, bomba lilikuwa mbele yangu. Nilimwangalia mwenyekiti, mtu mwenye watoto sita, jasho linamtiririka, na sikumwona kuwa mbaya. Nilimwona ni mtu aliyebanwa. Lakini kichwani kwangu lilikuwa linapita goti la mzee wetu, na nguzo za umeme, na mume wangu anavyozipanda asubuhi huku anaimba. Hofu ilinishika. Halafu hasira ikaja, na hasira yangu mie huwa haina breki.

"Mnataka kugongewa? Haya!" Nikaitupa spana baharini.

Ala! Spana ya karakana, tena ile kubwa, niliyoisainia mwenyewe. Ikazama taratibu huku inang'aa, ikawapita wale wawili kwenye kamba, na nikamwona mchonga vinyago anaisindikiza kwa kichwa mpaka ikapotea.

"Umerukwa na akili wewe?" mwenyekiti akauliza.

"Nimerukwa. Na anayetaka kugonga agonge kwa kichwa chake."

Hakutafuta kitu kingine cha kugongea. Alinipa mgongo, akakaa anatazama pwani, mikono kichwani. Namshukuru mpaka leo kwa hilo. Mie nikaikazia saa macho. Sijawahi kuona dakika nzito namna ile. Mwenye boti alijifanya anapanga kamba zake.

Dakika kumi na tano zilipotimia, hee, sina cha kugongea! Nikanyakua kifuniko cha sufuria ya mihogo, nikaligonga bomba mara tatu, mlio wake ukachekesha kama kengele ya muuza koni. Wakapanda. Mume wangu akatoa kichwa, akatema maji, akaning'iniza kamba kochi wawili hewani.

"Mbona leo kengele ina mafua?" akauliza.

Nilimwambia akunje magoti. Akakunja. Nikamwambia akunje tena.

Tuligusa mchanga wa Kunduchi saa saba imeshapita. Kufika Chang'ombe kabla ya saa nane ilikuwa ndoto, kwa hiyo lori likakaa palepale mpaka Jumatatu alfajiri, na sisi tukakaa nalo. Baadaye mwenyekiti alipata barua ya onyo, mie nikapata yangu kwa ajili ya spana, na mzee aliporudi kutoka msibani alitutukana wote, mmoja mmoja, kwa zamu. Lakini mchana ule, wallahi, ulikuwa mtamu. Wanawake wa pale walituazima jiko na nazi. Mchonga vinyago alipasua kamba kochi, mwenyekiti alinuna mpaka harufu ilipomfikia, akasogea, akala kuliko wote. Nilimwomba radhi kwa lile neno la kichwa. Akasema ameshasahau, niongeze pilipili.

Mume wangu alikuwa amejilaza mchangani pembeni yangu, nyayo anazifukia na kuzifukua.

"Leo mlituning'iniza sana," akasema. "Mwenzangu alichoka, akanionyesha kidole, tupande. Nikamkatalia. Nikamwonyesha sikio langu. Mke wangu hajagonga."

"Na ningegonga mapema?"

"Tungepanda."

"Lakini ulijua mapumziko tuliyakata. Wewe mwenyewe hukuwa unahesabu?"

Alinigeukia kwa mshangao, uso mweupe kabisa, hana wasiwasi hata chembe.

"Nihesabu ya nini, na wewe uko juu?"

Mwenyekiti aliyasikia yale. Aliacha kutafuna. Mie nikasukuma sahani kwa mume wangu, nikamwambia ale chakula kinapoa, kisha nikageukia upande wa lori nikalia.